Mkono wa Zimwi

Baba yangu, fundi asiyeambilika, alitengeneza mazimwi na dinosaria ya faiba kando ya barabara kuu, wasafiri wasimame wapige picha. Siku moja alitoa kalibu ya mkono wa mama kwa plasta, akamimina faiba ndani, akaupachika mkono uliotoka kwa zimwi na kuuongezea kucha ndefu.

Mama alifura. "Umenifanya kichekesho cha njiani! Uondoe!"

Baba alicheka tu. Nami nikacheka, mjinga mimi.

Mama alitutoka mwaka juzi. Baba alizikata kucha zile, akapiga msasa mpaka vidole vikarudi kuwa vya mama. Wasafiri wanauliza mbona zimwi lina mkono wa mwanamke.

Jana nilimkuta baba ameushika mkono ule. "Kucha nimetoa, mama watoto," alisema. "Mkono niachie."