Stendi ya Bwana Mayai

Baiskeli ya Bwana Mayai haikuwa na stendi tangu ilipokuwa mpya, na upya wake hakuna mtaani aliyeukumbuka. Kwa kuwa nyuma, kwenye keria, kulifungwa trei za mayai, na mayai si kitu cha kuegemeza ovyo ukutani, mtaa ulijiwekea sheria yake: anayenunua ndiye anayeshika usukani. Mwuza nyama alishika huku akipiga miayo. Mke wa mwalimu alishika kwa vidole viwili, asije akachafuka. Bi Sindano, fundi cherehani wa pale konani, alishika kwa mikono yote miwili.

Na kwa Bi Sindano ndiko mwenye baiskeli alikochelewa. Yai la mwuza nyama lilitolewa likapokelewa, basi. La Bi Sindano liliinuliwa juani, likageuzwa, likachunguzwa utadhani linaposwa. Wote wawili walikuwa wamefiwa na wenzao siku nyingi, na katika kukagua mayai watu huzungumza mengi: mvua, mgongo, bei ya uzi. La maana hakuna aliyelisema. Lakini kila kukicha mayai ya Bi Sindano yalikuwa yamekwisha, ilhali mwanamke mwenyewe anaishi peke yake. Alikuwa akiyapeleka wapi, Mungu ndiye ajuaye.

Ndipo dada mkubwa wa Bwana Mayai akaja kumtembelea, akaona.

"Mdogo wangu, aibu gani hii? Na mvi zako hizo, unashikiwa baiskeli kama mtoto anayejifunza!"

Jioni ileile akanunua stendi inayong'aa, akamwekea mezani mbele ya sahani.

Dada aliyekulea humkatalii. Bwana Mayai akachukua spana akatoka uani. Nati ya gurudumu la nyuma ilikuwa na kutu, ikagoma. Akaitia mafuta, akaibembeleza, akaitukana, ndipo ikalegea. Stendi ikaingia, ila ilikuwa ndefu: baiskeli ikasimama wima mno, ikasita kidogo, ikaangukia upande wa pili. Akaikata stendi kwa msumeno wa chuma, ikakaa sawa. Akapakia trei. Tairi likabonyea kwa uzito, stendi ikawa ndefu tena, na mzigo wote ukaanza kulala. Dada akaudaka kwa tumbo.

"Nani anapima kiatu bila mguu?" akafoka. "Kata ikiwa na mzigo!"

Akakata ikiwa na mzigo. Ikasimama, wala haikutikisika.

Asubuhi mwuza nyama alipiga makofi, na mke wa mwalimu akashukuru hadharani. Bwana Mayai akafika konani kifua mbele, maana kusema kweli hakuwa amefikiri mbali. Cherehani ikanyamaza. Bi Sindano akatoka haraka, mikono mbele, uzi ukining'inia begani. Bwana Mayai akashusha stendi kwa mguu, akaachia.

Mikono ya Bi Sindano ikabaki hewani. Kisha akaifuta kwenye gauni, ingawa ilikuwa safi.

"Hongera," akasema. "Basi niwekee mezani, nina kazi nyingi."

Cherehani ikaanza tena. Bwana Mayai akabaki ameinua yai juani, hana wa kumwonyesha. Kesho yake Bi Sindano alinunua mawili tu. Keshokutwa akasema yaliyopo yanatosha. Majuto ni mjukuu, na wa Bwana Mayai alikuwa wa chuma, tena anang'aa.

Kuing'oa stendi hakuthubutu, dada bado yuko nyumbani. Lakini asubuhi moja, kabla ya kukata kona, alisimama, akatazama huku na huku, akailegeza nati.

"Bi Sindano! Njoo unishikie, stendi imeharibika!"

Bi Sindano akatoka. Hakushika usukani. Akachuchumaa, akaigusa nati.

"Imelegea."

"Barabara mbovu, Bi Sindano."

"Barabara ina spana?"

Akainuka, akaichomoa spana iliyokuwa ikichungulia kwenye mfuko wa shati la Bwana Mayai, akarudi chini akaikaza nati mpaka ikalia. Bwana Mayai akajua kwamba yamekwisha. Baiskeli ilisimama yenyewe, haina huruma hata kidogo.

Bi Sindano akairudisha spana mfukoni ilikotoka, akazunguka mbele, akaushika usukani kwa mikono yote miwili.

"Haya, nionyeshe mayai."

"Lakini imesimama yenyewe."

"Nimekuuliza?"

Bwana Mayai akaliinua yai la kwanza juani, akaligeuza polepole.

"Hili zuri," akasema. "Ukilichemsha, utalifurahia."

"Sijui," akasema Bi Sindano, akilitazama. "Mimi mayai siyali tangu utoto wangu. Yananiwasha mwili mzima."

Yai likamponyoka Bwana Mayai, likapasuka katikati ya miguu yao, na hakuna aliyelitazama.