Tyubu ya Mama Ngalula

Siku inayonirudia hadi leo, mwanangu, ni ile niliyombeba mbwa wangu mabegani, kutoka kambi ya wafanyakazi hadi kwa daktari wa mifugo, nikikatiza katikati ya mji wa Elisabethville huku watu wakinicheka. Nilikuwa karani kijana, nimetoka Kasai peke yangu, nina chumba kimoja na majivuno ya kujaza vitatu. Mbwa nilimwita Patron, yaani bosi kwa Kifaransa. Wakati ule wa utawala wa Wabelgiji, kusimama mlangoni jioni na kupaza sauti, "Patron, lala chini!" ilikuwa raha isiyo na kifani. Majirani walishika mbavu. Wakishafunga milango yao, tulibaki mimi, Patron na sufuria ya bukari, ugali wetu wa kule.

Kambini kwetu dawa haikuwa ya mtu mmoja. Daktari akikupa pomada ya penisilini, unapaka mpaka kidonda kikauke, kisha kilichobaki unampelekea jirani. Aliyeimaliza yote alionekana mchoyo. Msimu wa mvua mbwa walitoka vidonda vya ngozi. Kila mmoja akapakwa kidogo, akapona kidogo, akaugua tena. Patron alipoanza kutoa usaha shingoni, Mama Ngalula wa chumba cha pili aliniletea tyubu ya pomada iliyokamuliwa ikabaki bapa kama ulimi.

"Chukua, mutoto wangu. Mbwa yangu iko muzima sasa."

Mbwa mwenyewe alikuwa nyuma yake, anajikuna.

Nilimpaka Patron, kidonda kikakauka, nami kwa ustaarabu wangu nikampa jirani mwingine tyubu ile. Usaha ulirudi, ukashuka hadi kifuani. Ndipo nikambeba. Daktari aliagiza sindano za penisilini, na Papa Ilunga, msaidizi wake mwenye mvi, akamdunga kila asubuhi. Patron alizidi kukonda. Mwishowe Papa Ilunga aliweka sindano chini.

"Kidonda ilipokauka, dawa uliipeleka wapi?"

"Kwa jirani, papa."

"Na jirani kwa jirani. Munagawanya dawa sawa bukari! Dudu zenye hazikukufa zinazoea dawa, zinazaa, zinahamia ku mbwa ingine. Sasa tunapiga sindano, zenyewe zinatuangalia tu."

"Hakuna dawa ingine?"

"Hapa kwetu, haiko, mwana."

Patron alifia chumbani kwangu, kichwa juu ya kiatu changu. Mama Ngalula alileta gunia la kumfunikia, akalia kuliko mimi. Jioni ile nilisonga bukari ya wawili. Niliendelea hivyo kwa muda mrefu. Mkono ulikataa kupunguza unga. Baadaye chuo kikuu kilinifundisha jina refu la ugonjwa ule unaoishinda dawa. Jina nimelisahau. Kipimo cha unga ninakikumbuka.

Mwanangu, gawa bukari, gawa hata blanketi lako. Dawa usigawe. Uliyopewa itumie kama daktari alivyoagiza, yako au ya mbwa wako, hata kidonda kikikauka, hata ukiitwa mchoyo. Ya jirani ikataeni kwa upole, wewe na mnyama wako, kisha mnyama wako mfunge kamba umpeleke kwa daktari akapimwe.

Na Mungu akupe mlango ambao, ukiufungua jioni, ndani kuna anayeinuka kukupokea.