Mechi Moja Iliyobaki kwenye Kompyuta ya Yaya

Kompyuta ya yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, ilifika kwetu Kasongo ikiwa imekwisha kuzeeka. Mchezo pekee iliouweza ulikuwa mpira wa miguu wa zamani, tena kwa kubembelezwa. Yaya alijua kubembeleza. Alipunguza ukubwa wa picha, akazima mvua, vivuli na watazamaji, na wachezaji wakaacha kukwama. Mashine ikigoma kuwaka, alichomoa kile kibao chembamba cha kumbukumbu, akasugua meno ya kibao hicho kwa kifutio cha penseli, akakirudisha. Mara nyingi iliwaka. Vumbi alilitoa kwa unyoya wa kuku, feni ameizuia kwa kidole. Tulicheza mchana, jua likiwa kali juu ya paneli ya sola iliyotupa umeme.

"Uwanja hauna hata mutu mumoja," nilimwambia siku moja. "Tunamuchezea nani?"

"Mashabiki wanakula nguvu ya mashine. Wakae kwao. Piga mpira, mudogo."

Alichopenda zaidi ni kubadilisha majina ya wachezaji. Timu nzima ikawa ukoo wetu. Shangazi alikaa golini, kwa sababu nyumbani kwake hakuna kinachompita. Mjomba anayekaa Wamaza, yule anayetembea kama amebeba maji kichwani, akawa winga. Yaya mwenyewe alikuwa beki, na umri wake aliandika wa kweli.

Alikwenda Kabambare kwa kazi, homa ikamshika huko, akafariki. Sikuwepo.

Baada ya matanga niliwasha mashine. Ilibaki mechi moja msimu uishe. Kando ya jina lake lilikuwepo neno la Kifaransa la kustaafu. Katika mchezo ule, anayestaafu hufutwa kwenye orodha msimu ukiisha. Nikazima.

Kwa miezi mingi nilikuwa nawasha, natazama jina, nazima. Shemeji, mjane wake, akaniuliza mbona sichezi tena. Nikamwambia mashine imeharibika. Uongo huo ulinikaa vibaya. Kesho yake nilirudi nikamweleza yote.

Alikuwa anamenya mihogo. Hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo iko anangoja tu mule ndani?"

"Ndiyo, shemeji."

"Ule hakupendaga kungoja. Twende, ucheze."

Akaketi karibu yangu. Yaya alikimbia polepole kama siku zote, akamkwatua mtu, akapewa kadi ya njano.

"Vilevile," alisema shemeji. "Hata kwenye mulango wa kanisa alikuwa anasukuma watu."

Tulifungwa mbili kwa moja. Kidole changu kilikaa juu ya kitufe cha kufunga msimu muda mrefu. Nikabonyeza.

Orodha mpya ikatokea, jina lake halimo. Kwenye nafasi yake mashine ilikuwa imemweka kijana wa jina tusilolijua. Shemeji alipitisha kidole juu ya kioo, kutoka juu hadi chini, halafu akaanza tena.

"Huyu ni nani?"

"Mashine ndiyo imemuleta."

"Mutoe. Andika mimi."

Jina lake lilikuwa refu kuliko nafasi ya herufi. Akasema nikate mwisho, mwanzo nisiuguse. Nikamuuliza atacheza wapi.

"Mbele," alisema. "Nyuma nimekaa sana."