Mlio Kwenye Koo la Kabula

Apa kwanza. Sema hutamwambia mtu, hata mumeo. Umeapa? Haya. Ingawa wanawake wa mashine ya kusaga hapa Segese nimeshawaambia wote, maana siri ikikaa kwangu inaniwasha.

Nilikuwa mtoto, kule Tinde, na dada yangu Kabula alikuwa anawaacha wavulana mbioni. Lakini akikaribia mwisho, koo linapiga mlio kila anapovuta pumzi, kama mtu anayekabwa. Anashika shingo, macho yananitafuta mimi. Ningefanya nini? Nilimpepea kwa kanga. Akipumzika kidogo, mlio umekwisha, kama haukuwepo.

Baba akamwita mganga wa kuku. Kabula akamtemea kifaranga mate, mganga akampasua kifaranga, akasoma matumbo. "Anayemkaba ana macho mekundu. Na moto wa kupikia mnaombana hapahapa." Wote tukageukia kwa jirani, Mama Nkwimba. Macho yake yaliiva kwa moshi wa samadi kavu aliyopikia. Ya mama yangu yaliiva vilevile, lakini mama ni mama. Wakamwambia ahame. Sijui alikwenda kufia wapi. Kabula aliendelea kukabwa mpaka akaacha kukimbia.

Sasa mjukuu wangu Minza anakimbia mbio za shule, na mlio ni uleule. Dawa ya pumu ya kupuliza haikumsaidia. Na mimi nimezeeka, macho yangu mekundu unayaona. Mkwe wangu, mama yake Minza, akaanza: "Mama, usimpe maji, nitampa mwenyewe." Nikamwachia kikombe.

Mwalimu wa michezo akatupeleka hospitali kubwa. Daktari akampitishia Minza puani mpira mwembamba wenye kamera, akamkimbiza kwenye mkanda unaozunguka, sisi tunatazama kwenye televisheni. Mlio ukaanza. Nikafumba macho, isije ikatokea sura yangu.

"Bibi, fumbua," daktari akasema. "Hizi ni nyuzi za sauti. Akivuta pumzi zinatakiwa kuachana. Atafundishwa kupumua, polepole, mpaka zizoee kuachana. Lakini ona sasa zinavyobanana."

"Kumbe ndizo!" mkwe wangu akasema, kisha akaniangalia, akainamisha uso.

Vitu viwili vyeupe, vidogo hivyo, na sisi tulimhamisha Mama Nkwimba kwake. Vilikuwa vinabana koo la mjukuu wangu waziwazi, mwalimu anaona, manesi wanaona, na hakuna aliyeweza hata kunyoosha mkono akavishika, wala kuviambia vihame.