Kikombe kilichorudisha uso wa mke wangu

Leo nimemwona marehemu mke wangu na rangi yake. Wacha niwaambie.

Tuko naye kwa video moja tu, ile ya ruracio, siku ya kuletewa mahari ya binti yetu. Siku hiyo mwenye tenti alileta ya bluu, jua likapenya, wageni wote wakatoka bluu kama watu wamekufa na baridi. Tangu tumzike sijaweza kuitazama.

Leo nikaipeleka kwa msichana mmoja pale maduka ya Adams, anarekebisha rangi za video kwa kompyuta.

Nikamwambia, "Mimi nimepaka nyumba nusu ya mtaa wa Riruta. Mambo ya rangi hunifundishi. Ongeza nyekundu."

"Sawa, guka," akaniita, kama mimi ni babu yake.

Akaongeza. Mama wa watu akawa zambarau.

Nikakubali nimekosea. Mnanijua, hiyo haifanyiki mara nyingi.

Msichana akaniuliza polepole, "Guka, hicho kikombe ameshika kilikuwa rangi gani?"

"Cheupe. Nilinunua mwenyewe."

Akakibonyeza kile kikombe, akakirudishia weupe wake, na kompyuta ikapanga rangi zingine zote kwa kufuata hicho.

Na uso ukafuata. Ule weusi wake wa kung'aa, wenye nilienda kuposa. Anacheka, ananiambia nikae chini niache kusumbua wapishi.

Nikakaa chini. Nikalia, na sijali nani ameniona.

Msichana, Mungu akuzidishie macho.

Nyinyi wengine, ni nani ako na sherehe ya tenti ya bluu huko kwake? Mpelekeeni.

Lakini mjue kikombe nilichagua mimi.