Zipu ya Dude la Kijapani

Niambieni kama nina makosa kucheka. Mume wangu kanuna tangu tutoke sinema mchana huu.

Wiki nzima alituhutubia. Filamu hii ya Kijapani ni ya zamani, ni sanaa, mtu hacheki.

Shangazi yangu, fundi cherehani hapa Tottenham, aliambiwa peke yake mara tatu: "Shangazi, tafadhali. Kimya."

Tukakaa kama tunasikiliza hotuba ya Ijumaa. Dude likatoka baharini, likakanyaga mji mzima, kisha likatugeuzia mgongo.

Shangazi, kwa sauti yake ya dukani: "Zipu nje nje. Nani kamshonea huyu?"

Ukumbi mzima ukageuka. Mume wangu akazama kitini.

Taa zilipowaka, wazee watatu wa Kizungu, fulana zina picha ya dude, wakatufuata. Nikajua tunafukuzwa.

Kumbe wanataka kumuuliza Shangazi: na mshono wa kwapani aliuonaje?

Kiingereza cha Shangazi kinaishia kwenye vipimo vya viuno. Basi mtaalamu wetu wa sanaa akasimama nusu saa akitafsiri habari za kwapa la dude.

Kwenye basi akataka kujitetea. Shangazi hata hakugeuka.

"Mwanangu, tafadhali. Kimya."