Sauti ya Shangazi Kabatini

Jirani zake wanamjua kama fundi wa printa wa ofisi ya maji. Watu wa miji asiyowahi kuikanyaga wanamjua kama mtunzi wa programu inayowasomea wasioona maandishi kwa sauti. Ni programu huria: yeyote aichukue, aifumue, aitumie apendavyo. Mkewe humwita Bwana Bure, na si kwa kumsifu.

Aliianza pale mdogo wake, ambaye ni mwalimu, alipopofuka. Ilisoma bila kosa, ila kwa sauti ya mtu aliyefunikwa debe.

"Kaka, ikinisomea habari ya msiba nacheka," mwalimu alilalamika. "Insha za darasa zima nitazisikilizaje hivi? Bora niache kazi."

Sauti ya maana ilikuwemo ndani ya ukoo. Shangazi yao alikuwa ametangaza safari kituo cha mabasi mpaka akastaafu. Akisema basi limechelewa, abiria walikaribia kushukuru. Bwana Bure akamwingiza ndani ya kabati la nguo, maana makoti humeza mwangwi, akamwekea kigoda na maikrofoni. Shangazi akasoma sentensi siku baada ya siku, akitoka jasho bila kupoteza heshima. Ikabaki ruhusa yake tu ya kuiweka sauti hiyo kwenye programu.

"Na mtu akitaka nitukane?"

Angeweza kumdanganya. "Utatukana, shangazi. Ikishakuwa huria, mimi sina kauli."

"Miaka yote kituoni sikumtukana hata dereva, mwanangu. Nikaanze uzeeni, tena bure?" Akachukua mkoba wake, akaenda zake.

Hakumbembeleza. Sauti ni ya mwenyewe.

Mwalimu akaanza kuwaaga wenzake. Shangazi alipokwenda kumpa pole, alimkuta akisikiliza insha kwa ile sauti ya debe. Akavumilia aya moja.

"Zima hilo. Mwambie kaka yako aitoe yangu. Kama ni kutukanwa, watu watukanwe kwa matamshi yanayoeleweka."

Leo wageni wa mbali humtumia Bwana Bure marekebisho na shukrani, naye huzisoma huku akichomoa karatasi zilizokwama kwenye printa ya mhasibu.

Mwalimu yumo darasani. Wiki ya kwanza tu, mwanafunzi mmoja alipenyeza kwenye insha yake kwamba mwalimu ana kichwa kama boga. Sauti ya shangazi ikalisoma hilo mbele ya darasa zima, kwa utulivu wa kutangaza basi la asubuhi. Mwalimu alicheka mpaka akakaa, akatoa alama ya tashbihi, akapunguza ya adabu.

Mwalimu alipomsimulia, shangazi aliuliza jambo moja tu.

"Boga nimelitamka vizuri?"

"Mpaka wa dawati la nyuma wamelisikia, shangazi."